Jicho Ovu katika Shamba la Mizabibu

Mada kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo: kushinda kijicho kwa unyenyekevu



Ndugu wapendwa, makatekista, wenyeviti wa jumuiya, akina mama wa WAWATA na ninyi vijana wetu,

Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini Tume ya Haki na Amani imechagua kuzungumza juu ya kijicho. Mmezoea tukutane kwa ajili ya sheria za ardhi, mirathi ya wajane, au wajibu wa raia wakati wa uchaguzi. Kijicho, mtasema, ni jambo la kitubio. Ni la mtu na padre wake, halihusu tume. Sisi tunaona kwamba linatuhusu sana. Chukueni ugomvi wowote uliovunja kijiji au kikundi cha akiba na mkopo, mkaufuate hadi shinani. Mara nyingi mtakuta kwamba kabla ya kesi palikuwa na maneno, na kabla ya maneno palikuwa na mtu aliyetazama mafanikio ya mwenzake, moyo wake ukauma.

Papa Paulo VI alipounda Tume ya Kipapa ya Haki na Amani mwaka 1967, alitaka Kanisa liwe macho mbele ya umaskini na dhuluma ya ulimwengu. Kuwa macho huko kunatudai pia tujichunguze. Haki huvunjwa na wakubwa kwa kalamu, na huvunjwa na wadogo kwa ulimi. Kwa hiyo leo yatupasa kutazama mambo mawili kwa pamoja: kijicho ni nini na kinaleta nini, na jinsi unyenyekevu wa Kikristo unavyotuwezesha kukitenga na madai halali ya haki. Jambo hili la pili ndilo kiini cha mada yetu.

1. KIJICHO NI NINI?

Lugha yetu imelifafanua neno lenyewe. Kijicho ni jicho lililofanywa dogo. Mwenye kijicho haoni upana wa mambo. Anaona kitu kimoja tu, nacho ni kile alicho nacho mwenzake. Mtakatifu Thomasi wa Akwino alifundisha kwamba kijicho ni huzuni inayotokana na mema ya mtu mwingine, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafuata fundisho hilo (na. 2539). Wazee wetu wa imani walikiweka miongoni mwa zile dhambi saba zinazoitwa vichwa vya dhambi, kwa sababu hakikai peke yake. Kikishaingia, huzaa masengenyo, uzushi, chuki na furaha juu ya msiba wa jirani.

Tusichanganye kijicho na ile hali ambayo watu wetu huiita "wivu wa maendeleo". Mama anayeona mwenzake amechimba choo kizuri, naye akaenda kuchimba chake, hajatenda dhambi. Kijana anayemwona mwenzake amefaulu na kuingia Chuo Kikuu cha Dodoma, naye akaongeza saa za kusoma, amepata kichocheo chema. Wivu wa maendeleo husema: "Nami nataka kufika." Kijicho husema: "Heri tusifike wote."

Bwana wetu alilieleza jambo hili kwa mfano ambao sisi wa Dodoma hatuhitaji kuchorewa picha, maana unatokea katika shamba la mizabibu (Mathayo 20:1-16). Mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anakubaliana nao dinari moja kwa siku. Anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na hatimaye saa kumi na moja. Jua likichwa, analipa wote dinari moja moja, akianza na waliokuja mwisho. Wale wa alfajiri wananung'unika. Angalieni vema: hakuna aliyepunjwa. Kila mmoja amepokea ujira waliopatana. Kinachowauma si mifuko yao bali mfuko wa mwingine. Naye mwenye shamba anamuuliza mmoja wao kama jicho lake limeharibika kwa sababu yeye ametenda wema. Yesu anatumia neno lile lile: jicho.

2. MAZINGIRA YETU

Dhambi hii ipo duniani pote, lakini kila nchi ina mlango wake wa kuipitisha. Huku kwetu katika uwanda wa kati, milango ni miwili hasa: mvua na mji.

Ugogo ni nchi ya mvua chache. Kwa mwaka tunapata kama milimita 550 hadi 600, zote katika msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili. Tena mvua hiyo hainyeshi sawasawa. Hutokea shamba la huku likalowa, na la ng'ambo ya korongo likabaki vumbi. Mtama wa huyu umesimama kichwa juu, uwele wa yule umekauka kabla ya kutoa suke. Wote wawili walilima, wote walipanda kwa wakati. Mtu aliyekosa anatafuta sababu, na moyo wenye uchungu hutafuta sababu yenye jina la mtu: "Fulani amefunga mvua." "Fulani amevuta mazao yetu kwa dawa." Hivyo tofauti ya mawingu inageuka kuwa uadui wa watu.

Mzabibu nao una majaribu yake. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi, Bihawana na Makutupora wanajua kwamba hapa kwetu mzabibu huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi nyingi hazilipati. Lakini wanajua pia kwamba zabibu mbichi haingoji. Ikishaiva, mnunuzi asipopatikana upesi, jasho la miezi linaoza shambani. Katika haraka hiyo, aliyepata mnunuzi anaonekana mwizi, na aliyekosa anatamani gari la mwenzake likwame. Hapo ndipo ushirika unapokufa. Badala ya wakulima kusimama pamoja na kupatana bei, kila mmoja anamwangusha jirani yake, na anayefaidika ni mnunuzi mjanja.

Mlango wa pili ni mji. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kwa miaka mingi uamuzi huo ulienda polepole. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, mambo yalibadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2018 Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa Jiji. Ofisi za wizara zimejengwa Mtumba, reli mpya ya umeme imeanza kuleta abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, na hesabu za sensa zinaonyesha kwamba mkoa uliokuwa na watu milioni 2 na kidogo mwaka 2012 ulikuwa na zaidi ya milioni 3 mwaka 2022. Pale palipokuwa na miiba na mashamba ya karanga, leo pana ghorofa. Jirani wa jana aliyeuza ekari yake mapema amebaki akitazama ukuta wa mgeni. Jirani aliyengoja amenunua bodaboda tatu. Mgeni anamcheka mwenyeji kwamba amelala. Mwenyeji anamwangalia mgeni kwamba amekuja kula. Zamani tulisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sasa kila mmoja anahofu kwamba kupona kwa mwingine ni kufa kwake.

3. MATUNDA YA KIJICHO

Ndugu wapendwa, matunda ya kijicho hayaishii katika kununa. Kaini alimwua Abeli kwa sababu sadaka ya mdogo wake ilikubaliwa (Mwanzo 4). Wana wa Yakobo walimwuza ndugu yao Yosefu kwa sababu ya kupendwa na kwa sababu ya ndoto (Mwanzo 37). Mfalme Sauli aliwasikia wanawake wakimwimbia Daudi sifa nyingi kuliko zake, na tangu siku ile akaanza kumwangalia kwa jicho baya, hata akamrushia mkuki (1 Samweli 18). Tena Injili inasema wazi kwamba Pilato alitambua sababu iliyowafanya wakuu wamtoe Yesu kwake: ni husuda (Mathayo 27:18). Bwana wetu mwenyewe aliuawa na kijicho.

Katika nchi yetu, tunda chungu kuliko yote ni tuhuma za uchawi. Uchunguzi uliofanywa na Serikali mwishoni mwa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kutuhumiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake. Sehemu kubwa ya mauaji hayo ilitokea Usukuma, lakini hakuna mkoa unaoweza kunawa mikono. Kisha, kuanzia mwaka 2007, tukasikia habari za ndugu zetu wenye ualbino wakiuawa na kukatwa viungo, kwa sababu watu wenye tamaa ya kufanikiwa upesi waliwaamini waganga waongo. Mnamo Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Marufuku ni jambo jema, lakini mpiga ramli haji bila kuitwa. Anaitwa na mtu ambaye tayari ana jina moyoni, naye analipwa ili alitamke.

Tazameni ni nani wanaotuhumiwa. Kwa kawaida ni wa aina mbili. Wa kwanza ni mtu aliyefanikiwa: mwenye duka lisilofilisika, mwenye ng'ombe wasiokufa wakati wa kiangazi, mwenye watoto wanaofaulu. Watu wanasema, "Haiwezekani kwa jasho tu." Wa pili ni mtu asiye na mtetezi, hasa bibi mjane mwenye kipande cha shamba ambacho jamaa wanakitamani. Dalili inayotajwa ni macho yake mekundu. Lakini sisi tunajua habari za macho mekundu. Bibi huyo amepika kwa kuni na samadi kavu kwa miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha. Tena, katika nchi yetu hii, hasa Kongwa, ugonjwa wa macho uitwao trakoma umewatesa watu kwa vizazi vingi, nao huenezwa na nzi na uhaba wa maji ya kunawa uso. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi na kwa ugonjwa. Jicho lililo ovu ni la yule anayemnyooshea kidole.

Maandiko yana kesi inayofanana kabisa na hiyo, nayo pia inahusu shamba la mizabibu (1 Wafalme 21). Mfalme Ahabu alikuwa na kila kitu, lakini akatamani shamba la Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake. Nabothi alikataa kuuza urithi wa baba zake. Mfalme akalala kitandani, akageuza uso, akakataa kula. Malkia Yezebeli akatafuta mashahidi wawili wa uongo, wakasema Nabothi amemtukana Mungu na mfalme. Nabothi akapigwa mawe, Ahabu akashuka kulitwaa shamba. Yatupasa kuliweka moyoni somo hili: kijicho si dhambi ya maskini peke yao. Mwenye mengi naye huonea kijicho kidogo cha mnyonge. Na njia ni ile ile ya siku zote: mashahidi wa uongo, shtaka ambalo mshtakiwa hawezi kujitetea nalo, kisha mali kubadili mwenyewe.

4. KIJICHO SI SAWA NA MADAI YA HAKI

Hapa twende polepole, maana ndipo watu wengi wanapokosea.

Mtu mwenye nguvu akilalamikiwa, jibu lake jepesi ni hili: "Acheni wivu." Mwananchi aliyepimiwa shamba lake kuwa viwanja bila kulipwa fidia akiuliza, anaambiwa ana wivu wa maendeleo ya wenzake. Kibarua aliyenyimwa mshahara wa miezi miwili akidai, anaambiwa anamwonea kijicho tajiri wake. Mwanachama wa ushirika akiomba kuona vitabu vya hesabu, anaambiwa ana roho mbaya. Ndugu zetu, hilo ni kulitumia vibaya jina la dhambi. Tusikubali neno "wivu" ligeuzwe kifuniko cha dhuluma.

Historia ya mji wetu inatufundisha. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliundwa mwaka 1973 ili kuujenga mji mkuu. Mwaka 2017 Serikali iliivunja, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wananchi juu ya viwanja na ardhi, na kazi zake zikakabidhiwa Manispaa. Kama wananchi wale wangenyamaza kwa kuogopa kuitwa wenye wivu, nani angewasikiliza?

Basi tutajuaje kama kinachotusukuma ni kijicho au ni haki? Tunawapa maswali matatu ya kujipima.

La kwanza: tunataka nini? Haki hutaka kila mtu apate lililo lake. Kijicho hutaka mwenzako apungukiwe, hata kama wewe hupati kitu. Wale vibarua wa alfajiri wasingeongezewa hata senti moja kama wa saa kumi na moja wangelipwa kidogo. Walitaka tu wengine wapate haba. Lakini kama mwenye shamba angewapunja dinari yao, malalamiko yao yangekuwa ya haki, naye Mtume Yakobo angesimama upande wao, maana ameandika kwamba ujira ulioibwa kwa wavunaji hupiga kelele mpaka kwa Mungu (Yakobo 5:4).

La pili: tuko tayari kuyasema mchana? Haki hutembea kwenye mwanga. Hupeleka jambo kwa mwenyekiti wa kijiji, kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji lililowekwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, au mahakamani. Huleta mashahidi na karatasi. Humpa mshtakiwa nafasi ya kujibu. Kijicho hufanya kazi usiku. Hukata mizabibu wakati mwenyewe amelala, hunong'ona kilabuni, hupeleka jina kwa mpiga ramli, huandika barua isiyo na sahihi.

La tatu: haki ikitendeka, tutaridhika? Anayedai haki, akilipwa, anakaa na kula na jirani yake. Mwenye kijicho, hata akilipwa, bado hapati usingizi mpaka mwenzake aanguke.

Ni nani awezaye kujiuliza maswali hayo na kujijibu bila hila? Ni mnyenyekevu peke yake. Ndiyo maana tunasema unyenyekevu ni fadhila ya lazima kwa kila mtetezi wa haki.

5. UNYENYEKEVU NI NINI?

Tuanze kwa kusema usivyo. Unyenyekevu si kujidharau. Watu wa Dodoma wamedhihakiwa kwa miaka mingi kwamba ni ombaomba na kwamba njaa yao ni uvivu. Anayesema hivyo hajui historia. Ile njaa kuu ambayo wazee waliiita Mtunya, mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua nayo ikakosekana. Mkristo mnyenyekevu hakubali uongo kama huo juu yake wala juu ya kabila lake. Aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hana ruhusa ya kujitupa jaani.

Wala unyenyekevu si kunyamaza. Bikira Maria, mjakazi wa Bwana, aliimba juu ya Mungu anayewashusha wenye nguvu na kuwainua wanyonge (Luka 1:46-55). Yesu mwenyewe, aliyejiita mpole na mnyenyekevu wa moyo, alipopigwa kofi mbele ya Kuhani Mkuu aliuliza kwa utulivu sababu ya kupigwa (Yohana 18:23).

Unyenyekevu ni kujiona kama Mungu anavyotuona: hatuzidishi wala hatupunguzi. Mnyenyekevu anajua kwamba alicho nacho amepewa. Kwa hiyo hajivuni. Anajua pia kwamba alicho nacho mwenzake kimetoka kwa Mungu yule yule; kwa hiyo hanung'uniki. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi wasifanye neno kwa mashindano, kisha akawaonyesha Kristo, ambaye alikuwa sawa na Mungu lakini hakuing'ang'ania hadhi hiyo, akatwaa hali ya mtumwa (Wafilipi 2:3-8). Naye Yohane Mbatizaji, wanafunzi wake walipomletea habari kwamba watu wote sasa wanamwendea Yesu, alifurahi kama rafiki wa bwana arusi anavyofurahi, akakubali apungue ili Yesu azidi (Yohana 3:26-30). Hao wanafunzi walikuwa na kijicho kwa niaba ya mwalimu wao. Mwalimu hakuwa nacho.

Hata katika maisha ya taifa letu tumeona mfano wa kufikiriwa. Mwaka 1977 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu, alimpisha Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri wa Ulinzi chini yake. Na Kawawa akapokea Wizara hiyo hiyo ya Ulinzi, chini ya yule aliyekuwa chini yake jana. Mwaka uliofuata vita vya Kagera vilianza, na nchi ikawakuta viongozi hao wawili wakiwa kazini pamoja. Kawawa alikuwa Mwislamu, Sokoine Mkristo. Fadhila hii haina mipaka ya dini, na sisi tunaobatizwa kwa jina la Kristo tusiwe wa mwisho kuionyesha.

Unyenyekevu una faida nyingine ambayo mara nyingi tunaisahau: unatufungulia shule. Mwenye kijicho hakosi furaha tu. Anakosa na mwalimu. Jirani yako amevuna magunia kumi ya mtama katika mwaka wa mvua haba. Ukimwita mchawi, utabaki na njaa yako. Ukimwendea na kumwomba akueleze, huenda ukagundua kwamba alipanda mbegu inayokomaa upesi, au alichimba makinga maji, au alitandaza samadi. Kongwa iko ushahidi wa kile kinachotokea pale wenye elimu wanapokosa unyenyekevu wa kuuliza. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na wataalamu, bila kuwasikiliza wenyeji waliojua tabia ya mvua na ya udongo ule unaokauka ukawa kama saruji. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Kiburi cha wakubwa na kijicho cha wadogo ni ndugu. Vyote viwili vinakataa kufundishwa na jirani.

6. NJIA ZA KUJIZOEZA

Fadhila haiji kwa kuisikia. Huja kwa kuizoea. Tunawaletea mapendekezo machache ambayo kila jumuiya inaweza kuyaanza juma hili.

(a) Kushukuru kwa ajili ya mwenzako. Katika sala za jumuiya tumezoea kuombea wagonjwa na marehemu. Tuongeze shukrani kwa ajili ya aliyejenga, aliyefaulu, aliyevuna. Mtume anasema kiungo kimoja kikitukuzwa, viungo vyote hufurahi pamoja nacho (1 Wakorintho 12:26). Mara ya kwanza maneno yatakuwa mazito mdomoni. Semeni hivyo hivyo, moyo utafuata.

(b) Kufanya mafanikio yawe ya pamoja. Wazee wa Ugogo walikuwa na busara ya kuweka ng'ombe kwa ndugu na marafiki wa vijiji vingine. Ukame ukipiga huku, kundi lote halifi. Na anayetunza anapata maziwa ya watoto wake. Utajiri wa mmoja ulikuwa maziwa ya wengi, na ni vigumu kumwombea mabaya mtu ambaye ng'ombe wake wanalisha nyumba yako. Kualikana kulima nako kulikuwa na faida hiyo hiyo. Leo tunaweza kuurudisha moyo huo kwa vikundi vya akiba na mkopo, na kwa ushirika wa zabibu na alizeti.

(c) Kuweka mambo wazi. Kijicho hustawi gizani. Kikundi kisomewe hesabu zake kila mwezi mbele ya wanachama wote, na viongozi wachaguliwe kwa muda maalumu. Uwazi humlinda mwaminifu dhidi ya uzushi, na humfichua mwizi.

(d) Kuikataa ramli. Mwanajumuiya yeyote asichange fedha za kumwita mpiga ramli, hata kijiji kizima kikichanga. Bibi akitishwa, viongozi wa jumuiya wamwendee siku hiyo hiyo, walale kwake ikibidi, watoe habari polisi. Kufika baada ya mazishi ni kuchelewa.

(e) Waliofanikiwa nao wajinyenyekeze. Mkulima aliyepata asimcheke aliyekosa. Mgeni aliyejenga asimwite mwenyeji mjinga. Aliyenunua shamba kwa bei ya dhiki ajiulize kama alinunua au alipora. Majivuno ya mwenye nacho ni kuni katika moto wa kijicho, na Mungu atamdai kila mmoja sehemu yake.

MWISHO

Ndugu wapendwa, mji wetu utaendelea kukua, na mvua zetu zitaendelea kuwa chache. Kwa hiyo daima patakuwa na jirani aliyepata kuliko sisi, na jirani aliyepata pungufu yetu. Mbele ya wa kwanza, tuombe jicho lililo safi. Mbele ya wa pili, tuombe mkono ulio wazi. Na mbele ya dhuluma, tuombe ujasiri wa kusema mchana, kwa jina letu, bila chuki. Mwenye shamba bado anatoka kutafuta vibarua, na mizabibu ni yake. Bwana atujalie kufurahi kwamba ametuita, na kwamba amemwita na mwenzetu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji au mtaa wetu, ni mafanikio ya aina gani yanayoleta maneno mengi? Kwa nini?

2. Taja dai moja lililoitwa "wivu" ilhali lilikuwa la haki. Jumuiya ingeweza kulisaidia namna gani?

3. Je, kuna mzee au mjane anayenong'onwa kuwa mchawi? Nani atamtembelea juma hili?

4. Ni jirani gani aliyefanikiwa ambaye hatujawahi kumwendea ili atufundishe?